Zamu ya Maji

Mundhir amelala ndani ya bomba jeupe,
kichwa kimebanwa kwa sponji,
pete yake ya fedha ameniachia, nimeivaa kidole gumba.
Nje ni Julai ya Maskati, mlango wa gari unaunguza;
humu ndani baridi ya mochari.
Daktari Thuraya anahesabu: picha arubaini,
kila moja sekunde tatu.

Ya kwanza, jagi la maji. Kimya.
Ya pili, karatasi ya fedha iliyokunjwa, kiberiti cha gesi,
na kwenye kioo, chini kabisa ya ubongo,
mahali padogo kama kokwa ya tende
pakawaka.

Ya saba niliileta mwenyewe.
Binti yake, Raya, hana meno mawili ya mbele,
anacheka, unga wa mkate wa kumimina umemjaa puani.
Nikashika ukingo wa meza.
Kokwa haikuwaka.

"Usimhukumu," Thuraya akasema, macho kwenye kioo.
"Hiyo si roho unayoiona.
Ni damu tu, inakwenda inakoitwa."

Ami Muhenna alikuwa arifu wa falaji kule Ibra.
Mchana aligawa maji kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota, na kila shamba na zamu yake:
mitende, ndimu, majani ya mbuzi ya mjane,
na lango lenyewe si lolote, jiwe limeviringwa tambara.
Usiku mmoja mtu akaling'oa.
Alfajiri mitende yake imesimama dimbwini, mizizi inanuka,
na ndimu za jirani zimekunja majani kama ngumi.
Jiwe likarudishwa. Haikusaidia kitu.
Mfereji ulikwishajichimba,
maji yalikwishajua njia.

Nikamsimulia Mundhir hayo garini,
najiona mwerevu, nimeupata ugonjwa kwa mfano mmoja.
Alikuwa akisugua alama ya sponji kwenye paji.
"Zuwena, unadhani nilikuwa nakunywa.
Mwaka wa kwanza, sawa, nilikunywa.
Baada ya hapo sikuonja kitu.
Utamu ulikuwa simu kulia.
Utamu ulikuwa taa nyekundu pale Mabela,
jamaa namwona ng'ambo, kaegemea duka la juisi,
na taa haijawa kijani.
Ukishaipata, imekwisha. Mkononi ni vumbi.
Sikuwa naipenda. Nilikuwa naitaka.
Hivyo ni vitu viwili, na mimi sikujua,
nilivilaza kitanda kimoja miaka sita."

Simu yangu ikatikisika mkobani.
Jicho likaikimbilia kabla yangu mimi.
Akaniona.
Hakusema neno, akageukia dirisha,
lakini bega lake lilikuwa likicheka.

Basi Mabela hatupiti.
Kuna njia ya chini, kwa wauza matairi,
kilomita kumi na moja zaidi na vumbi lake.
Miezi tisa tunaizunguka taa moja
kama watu wanaomdai mtu deni na kumwogopa.
Maana hata leo, akisoma jina lile kwenye kibao,
viganja vinamlowa.

Raya ndiye aliyefungua mlango.
Akamshika baba yake kichwa kwa mikono miwili,
akakigeuza, akachungulia sikioni.
"Wameona nini humo?"
"Mashamba," akamwambia. "Moja limefurika.
Mengine bado yanangoja zamu."
"Langu?"
Mundhir akameza mate.
"Lako liko mwisho wa mfereji, mama."
Raya akafikiri kidogo, akaenda zake jikoni,
akarudi na kipande cha mkate kwenye sahani ya plastiki.

Akala taratibu sana,
kama anayesoma barua yenye mwandiko ambao zamani aliujua.
Akaacha kutafuna.
"Mmetia iliki?"
"Siku zote tunatia iliki," nikasema.